Hesabu kali ya nusu sekunde kwa malkia wa barafuni

MNAMO Februari 17, 2022, jijini Beijing, Mrusi Alexandra Trusova aliyekuwa na umri wa miaka 17 alifanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika Michezo ya Olimpiki. Katika onyesho la dakika nne hivi, aliruka mara tano na kila mara akakusudia kuzunguka mizunguko minne hewani kabla ya kutua. Alama zake za usiku huo, 177.13, zilikuwa za juu kuliko za mshindani mwingine yeyote. Hata hivyo, nishani aliyoambulia ilikuwa ya fedha, naye akaipokea habari hiyo huku akibubujikwa na machozi.

Dhahabu ilimwendea Mrusi mwenzake, Anna Shcherbakova, ambaye miruko yake ya mizunguko minne ilikuwa miwili tu. Shaba ilitwaliwa na Kaori Sakamoto wa Japani, mwanadada wa miaka 21 ambaye hakujaribu hata mmoja.

Kwa msomaji aliyezoea mbio, ambapo anayekata utepe kwanza ndiye mshindi, matokeo hayo yanafanana na kitendawili. Ili kukitegua, sharti kwanza aelewe jinsi mruko wa barafuni unavyojengwa, na kile unachoudai mwili wa binti anayeuruka. Mkenya yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya barafu katika ule uwanja uliofunguliwa katika hoteli ya Panari, Nairobi, mnamo 2005, tayari anajua jambo moja: kusimama tu ni kibarua.

Makali mawili ya ubapa mmoja

Chini ya kila kiatu cha mtelezaji kuna ubapa wa chuma uliochimbwa mfereji mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Mfereji huo huuachia ubapa makali mawili: ya ndani, yanayoelekea mguu wa pili, na ya nje. Mtelezaji stadi hakanyagi ubapa wote kwa pamoja. Huegemea upande mmoja na kuchora tao kwenye barafu. Kwenye ncha ya mbele kuna meno madogo, ambayo katika baadhi ya miruko hudungwa barafuni ili yamrushe juu, karibu vile upondo unavyomrusha mwanariadha.

Miruko inayopewa alama kubwa ni ya aina sita. Mitatu ina majina ya wanaume walioibuni: Axel Paulsen wa Norway mnamo 1882, Ulrich Salchow wa Uswidi mnamo 1909, na Alois Lutz wa Austria mnamo 1913. Mitatu mingine huitwa lupu, flipu na tolupu. Yote huishia kwa namna moja, yaani kutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, juu ya makali ya nje. Kinachoitofautisha ni namna ya kuondoka, na ndiyo maana wakufunzi hutumia miaka mingi wakisahihisha mambo yanayotendeka kabla miguu haijaacha barafu.

Axel ni rahisi kuitambua hata kwa mgeni. Ndiyo pekee ambayo mtelezaji huiondokea akiwa ameelekea mbele. Kwa kuwa lazima atue kinyumenyume, hulazimika kuongeza nusu mzunguko. Kwa hivyo Axel iitwayo ya mizunguko mitatu kwa hakika ni ya mitatu na nusu, na hiyo nusu imewaliza wengi.

Flipu na Lutz, kwa upande mwingine, hufanana kama shilingi kwa ya pili. Zote mbili huondokewa kinyumenyume kwa kudunga meno ya mguu wa pili. Katika flipu, mguu uliobeba mwili huegemea makali ya ndani, na tao linalochorwa huelekea upande uleule ambao mwili utazungukia. Katika Lutz mguu huo huegemea makali ya nje, na tao hupinda upande wa pili. Mtelezaji basi anakwenda huku akijiandaa kuzungukia kule, mfano wa dereva anayekata kona ya kulia huku akitaka kuingia kushoto.

Mwili haupendi ukinzani huo. Watelezaji wengi, hata mabingwa, huuponyoka katika nukta ya mwisho: kifundo cha mguu hulala kidogo, ubapa huhamia makali ya ndani, na kilichotangazwa kuwa Lutz huwa flipu iliyovaa joho la Lutz. Kwa jicho la shabiki aliyeketi mbali hakuna kilichoharibika. Ila jopo la wataalamu, lenye video inayoweza kurudishwa polepole, huliona kosa hilo na alama hukatwa.

Mjapani Mao Asada ni mfano mzuri wa uzito wa jambo hili. Katika Olimpiki ya Vancouver mnamo 2010 alitua Axel tatu za mizunguko mitatu, moja katika onyesho fupi na mbili katika onyesho refu, lakini akashindwa na Kim Yuna wa Korea Kusini ambaye hakuwa na hata moja. Silaha ya Kim ilikuwa Lutz safi ya mizunguko mitatu iliyounganishwa papo hapo na tolupu ya mitatu, akiingia kwa kasi na kutoka kwa kasi. Lutz ya Asada ilikuwa na doa lile la makali. Baada ya Vancouver, akiwa tayari amekuwa bingwa wa dunia mara mbili, alimwendea mkufunzi Nobuo Sato na kuanza kuijenga upya miruko yake kutoka msingi, uamuzi uliomgharimu matokeo mabaya kwa muda. Mchezaji wa hadhi hiyo kukubali kurudi shule ya chekechea ni jambo la nadra. Matunda yake yalionekana Sochi mnamo 2014, alipoboronga onyesho fupi na kuangukia nafasi ya 16, kisha keshoye akacheza onyesho refu bora zaidi maishani mwake na kupanda hadi nafasi ya sita.

Pia na mikono iliyokunjwa

Mtelezaji akishaacha barafu hawezi tena kujiongezea nguvu ya kuzunguka. Ile aliyoondoka nayo ndiyo atakayokuwa nayo mpaka atue. Anachoweza kubadilisha ni kasi, kwa kukusanya mwili. Mtu anayeketi kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka anaweza kujionea mwenyewe: akinyosha mikono, kiti huenda polepole, akiikunja kifuani, huenda kasi. Ndivyo mtelezaji anavyovuta mikono kifuani na kupandanisha miguu, mwili wote ukawa mwembamba mfano wa pia.

Muda alionao ni mfupi ajabu. Anayeruka kimo cha sentimita 44 hukaa hewani sekunde 0.6 tu. Ili atimize mizunguko mitatu katika muda huo anahitaji kwenda kwa kasi ya mizunguko mitano kwa sekunde. Akitaka minne, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na kasi ileile na kukaa hewani zaidi, sekunde 0.8, jambo ambalo lingemdai aruke karibu sentimita 78. Ya pili ni kubaki na kimo kilekile na kuzunguka kwa kasi zaidi, takriban mizunguko saba kwa sekunde. Kwa kweli hali huwa afadhali kidogo kuliko hesabu hizo zinavyoonyesha, kwani sehemu ya mzunguko wa kwanza hufanyika ubapa ukiwa bado barafuni. Ila mgawanyiko wa njia ni huohuo: kimo au kasi.

Wanaume wengi huchanganya zote mbili, kwa kuwa wana misuli ya kuwarusha juu. Kwa wanawake, njia ya kimo imekuwa na wachache. Aliyeipita kwa fahari kuliko wote ni Midori Ito wa Japani, mwanadada mfupi wa sentimita 145 hivi aliyekuwa na mapaja ya mwanariadha wa mbio fupi. Mnamo 1988 alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kutua Axel ya mizunguko mitatu mashindanoni, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka bara la Asia. Katika Olimpiki ya Albertville mnamo 1992 alianguka alipoijaribu Axel hiyo mara ya kwanza. Wengi wangeiacha. Yeye aliirudia karibu na mwisho wa onyesho, miguu ikiwa imechoka, akaitua na kujinyakulia fedha.

Ilikuwa imepita miaka 72 tangu Mmarekani Theresa Weld aonywe na majaji wa Olimpiki ya Antwerp mnamo 1920 kwa kosa la kuruka Salchow ya mzunguko mmoja, eti haikumstahili mwanamke, kwani sketi yake ilipanda hadi magotini.

Njia ya kasi

Mzunguko wa nne ulifunguliwa kwa wanawake na Mjapani mwingine, Miki Ando, aliyetua Salchow ya mizunguko minne katika fainali ya chipukizi jijini The Hague, Desemba 2002. Kisha mlango ukajifunga kwa zaidi ya miaka 15. Ulipofunguka tena, Machi 2018, aliyeusukuma alikuwa Trusova katika mashindano ya dunia ya chipukizi. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Umri huo haukuwa sadfa. Uzito ulio mbali na kitovu cha mzunguko hukinza kuzungushwa, na ukinzani huo haukui kwa kadiri moja na umbali: ukiuweka mara mbili mbali zaidi, hukinza mara nne. Binti ambaye hajabaleghe ana nyonga nyembamba, mabega membamba na uzito mdogo. Akikunja mikono huwa mwembamba kuliko mwanamke mkomavu atakavyowahi kuwa, hivyo huzunguka kwa kasi ambayo mkomavu haipati kwa juhudi yoyote. Akishavunja ungo, sentimita chache zikiongezeka nyonganini na kilo kadhaa mwilini, hesabu hubadilika. Ufundi haujamtoka; ni mwili ulioufunzwa ufundi huo ambao haupo tena.

Ndiyo sababu orodha ya mabingwa wa Urusi wa miaka hiyo inasomeka kama rejista ya darasa. Yulia Lipnitskaya alipata dhahabu ya timu huko Sochi akiwa na miaka 15 na kustaafu mnamo 2017 akiwa na miaka 19, baada ya kutibiwa maradhi ya kujinyima chakula. Alina Zagitova alitwaa dhahabu ya Pyeongchang mnamo 2018 akiwa na miaka 15. Kufikia Desemba 2019 alikuwa ametangaza kusitisha mashindano. Shcherbakova naye hakuonekana tena katika mashindano ya kimataifa baada ya dhahabu yake ya Beijing.

Tena kuna suala la kutua. Mguu mmoja, juu ya chuma chembamba, hupokea kishindo cha mara kadhaa ya uzito wa mwili, na mruko mmoja unaoonekana mashindanoni umetanguliwa na mamia ya mazoezini, mengi yakiishia kwa kuanguka. Mifupa inayopokea vishindo hivyo ni ya mtoto anayekua. Hapo ndipo ushabiki unapopaswa kutulia kidogo.

Alama zilikosema

Itakuwa dhuluma kuwalaumu wakufunzi pekee. Wao walisoma kanuni, wakaenda kanuni zilikowaelekeza. Mfumo wa zamani, ambapo alama kamili ilikuwa 6.0, uliachwa mnamo 2004 kufuatia kashfa ya majaji katika Olimpiki ya Salt Lake City ya 2002. Katika mfumo uliofuata kila mruko una bei yake. Kwa kanuni zilizotumika Beijing, Lutz ya mizunguko mitatu ilikuwa na thamani ya alama 5.90, Axel ya mitatu 8.00, na Lutz ya mizunguko minne 11.50. Majaji huongeza au kupunguza ngazi hadi tano kulingana na ubora, kila ngazi ikiwa asilimia 10 ya bei hiyo.

Lutz ya mizunguko minne ikituliwa vizuri kwa ngazi tatu humpa mtelezaji alama 14.95. Ile ya mitatu, kwa ubora uleule, humpa 7.67. Pengo ni kubwa kiasi kwamba mwenye miruko mitano ya aina ya kwanza anaweza kukosea mara moja au mbili na bado akawaacha wengine kwa mbali. Akianguka, hali hugeuka: hupoteza nusu ya bei na alama moja ya ziada, akabaki na 4.75, pungufu ya Lutz ya kawaida iliyotuliwa bila madoido. Mizunguko isipokamilika, bei yenyewe hushuka kabla hata ya makato kuanza.

Kitendawili cha Trusova kimejificha humo. Kanuni haziwaruhusu wanawake kuruka mizunguko minne katika onyesho fupi. Silaha yake kuu ikiwa imefungiwa nje, alijaribu Axel ya mizunguko mitatu, akaanguka na kumaliza wa nne kwa alama 74.60. Shcherbakova hakuijaribu Axel hiyo, akapata 80.20. Mapungufu ya usiku wa kwanza ndiyo yaliyomnyima dhahabu, pamoja na alama za uchezaji na muziki ambazo mwenzake alimzidi. Jumla ilikuwa 255.95 kwa 251.73.

Kanuni zimewahi kurekebishwa kila mtu anapogundua mwanya. Mmarekani Elaine Zayak alishinda ubingwa wa dunia mnamo 1982 akiirudia tolupu ya mizunguko mitatu tena na tena. Baada yake idadi ya marudio ikawekewa kikomo. Zagitova naye mnamo 2018 aliipanga miruko yake yote ya onyesho refu katika nusu ya pili, ambako kila mruko uliongezewa asilimia 10. Alimshinda Evgenia Medvedeva kwa alama 1.31, na miezi michache baadaye nyongeza hiyo ikabanwa ihusu miruko mitatu ya mwisho pekee.

Rekebisho lililokuwa zito zaidi halikugusa alama. Kamila Valieva, mwenye miaka 15, alikuwa ametua miruko ya mizunguko minne katika shindano la timu jijini Beijing siku kumi kabla ya Trusova. Kisha ikafichuka kwamba sampuli yake ya Desemba 25, 2021 ilikuwa na dawa ya moyo iliyopigwa marufuku. Aliruhusiwa kuendelea na shindano la mtu binafsi, akaanguka mara kadhaa mbele ya ulimwengu mzima na kumaliza wa nne. Januari 2024 Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo ilimpiga marufuku ya miaka minne kuanzia siku ya sampuli hiyo, na dhahabu ya timu ikaenda kwa Marekani.

Swali la nani aliyempa mtoto wa miaka 15 dawa ya moyo lilizua lingine: mtoto huyo alikuwa akitafuta nini katika uwanja wa watu wazima? Juni 2022, kwenye kongamano lake mjini Phuket, Thailand, Muungano wa Kimataifa wa Utelezaji Barafuni (ISU) uliamua kupandisha umri wa chini wa kushiriki mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 16 katika msimu wa 2023-24, na 17 kuanzia msimu wa 2024-25. Warusi nao walikuwa wamefungiwa nje tangu Machi mwaka huo kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Kilichofuata kinaeleza mengi. Sakamoto, yule wa shaba, alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwanamke tangu Peggy Fleming katika miaka ya 1966 hadi 1968. Hakuwa na mizunguko minne wala Axel ya mitatu. Axel yake ya mizunguko miwili, mruko ambao chipukizi wengi huuona wa kujipashia moto tu, aliiingia kwa kasi bila kujitayarisha kwa muda mrefu, ikavuka eneo kubwa la barafu, na akatoka ndani yake akiendelea kuteleza kana kwamba hapakuwa na kilichotokea. Majaji wakamlipa kwa hilo.

Wapo wanaosema kuwa mchezo umerudi nyuma, kwamba wanawake wamenyang'anywa mzunguko wa nne. Hoja hiyo ina uzito wake, maana hakuna anayependa kuona rekodi zikibaki vitabuni bila wa kuzikaribia. Lakini Mmarekani Amber Glenn ameitia dosari. Axel yake ya mizunguko mitatu hakuitua mashindanoni mpaka mwaka 2023, alipokuwa tayari mwanamke wa miaka 23, na Desemba 2024 aliitumia kushinda fainali ya Grand Prix akiwa na miaka 25.

Mwenzake Alysa Liu alikuwa ameipita njia ile nyingine. Mnamo 2019, akiwa na miaka 14, alitua Lutz ya mizunguko minne mashindanoni, Mmarekani wa kwanza wa kike kufanya hivyo. Mnamo 2022 alistaafu akiwa na miaka 16, amechoka na mchezo. Alirejea mwaka 2024, akiwa mrefu zaidi na mwenye mwili mwingine, na Machi 2025 jijini Boston akawa bingwa wa dunia bila ya Lutz ile na bila ya Axel ya mitatu.